Mstari wa Njano Uliouchora

Mwanangu Idris,

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu za faragha unazijibu kwa picha ya kidole gumba. Nilifundisha Isiolo miaka mingi kabla ya kuja kuishi hapa Birmingham, na sikuwahi kumsahihisha mwanafunzi kwa kidole gumba. Watakaosoma barua hii ni wazazi, na baadhi yao wanajivunia watoto waliosomea kutengeneza mitambo kama yako. Nao wasikie.

Sina salamu ndefu. Binti yako Sumaya ni mzima. Amekula, ameoga, na sasa amekaa dirishani anatazama mabasi ya Stratford Road. Likizo yake inakwisha. Alhamisi atapanda ndege kurudi kwenu Japani, nami nina neno nawe kabla hajafika.

Unakumbuka siku uliponionyesha kazi yako kwenye simu? Nilikuwa nachambua mchele, ukaniambia niache, nitazame. Ukanieleza kwamba katika shule za huko kila mtoto hupewa herufi tatu katika kila somo: ya kwanza kwa yale anayoyajua, ya pili kwa jinsi anavyofikiri, ya tatu kwa hamu yake ya kujifunza. Herufi hizo hugeuzwa kuwa nambari, kutoka moja hadi tano, na nambari hizo humfuata mtoto mpaka kwenye mlango wa shule ya upili. Wewe na wenzako mmeandika programu inayofanya hesabu hiyo badala ya mwalimu. Mtoto akiinua mkono darasani, mwalimu hugusa jina lake kwenye skrini. Mwisho wa kipindi, mtoto akiandika alichojifunza, maandishi yake huingia humo humo.

Kisha ukanionyesha mstari wa njano. Mtoto akipata A kwa kujua na A kwa kufikiri, lakini C kwa hamu, mstari huo hutokea juu ya jina lake, kwa kuwa herufi zake hazipatani na mwalimu anatakiwa aangalie tena.

"Mama, huu mstari ni wangu," ulisema. "Niliuandika mwenyewe. Unamzuia mwalimu kukosea."

Nilikusifu. Nilikwenda hata kumsimulia jirani. Hilo ni kosa langu, na nalikiri kwanza ili usipate pa kunijibu. Ilinipasa kukuuliza swali moja tu: aangalie nini tena, mtoto au skrini?

Mwezi wa saba, kabla ya likizo, mkeo Yuko aliitwa shuleni pamoja na Sumaya kuzungumza na mwalimu wa darasa. Wewe hukwenda. Ulikuwa na kazi. Mwalimu yule, ambaye simlaumu sana maana alisema kweli, aliwaonyesha alama za sayansi na kuwaeleza alivyozijaza. Sumaya alikuwa na A kwa kujua. Alikuwa na A kwa kufikiri. Kwa hamu alikuwa na C, kwa sababu muhula mzima jina lake liliguswa mara chache mno. Mstari wa njano ukatokea. Mwalimu alikuwa na madarasa mengine ya kumaliza siku ile, na mitambo haikumruhusu kufunga ukurasa wakati mstari ungali pale. Basi akaishusha A ya kufikiri ikawa B. Herufi zikapatana. Mstari ukaondoka. Nne ya Sumaya ikawa tatu.

Yuko aliniandikia hayo, nami nimeyasoma mara nyingi, Idris, nikitafuta mahali ambapo mtu alimtazama mtoto. Sikupaona.

Nilikupigia simu. Nakumbuka majibu yako, nami nayaandika hapa nikiwa nimeyaondolea Kiingereza chako.

"Mama, lile ni onyo tu. Mwalimu ndiye anayeamua."

"Ameamua kulinyamazisha onyo."

"Mimi sina ruhusa ya kufungua rekodi za shule. Nikizigusa nafukuzwa kazi."

"Nani amekuambia uziguse? Nenda shuleni kama baba. Kaa kwenye kile kiti kidogo, uulize."

"Nikienda watasema natumia cheo changu. Shule ile inanunua programu yetu. Yatakuwa maneno."

"Na mtoto?"

Ukasema, "Nimemwambia ainue mkono zaidi muhula ujao."

Nilikata simu. Umri wangu haunipi ruhusa ya kusema niliyotaka kusema.

Sasa nikueleze nilichokiona hapa kwa macho yangu, bila skrini. Kila Jumamosi asubuhi nafundisha Kiswahili watoto wa mtaa wetu, katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa. Unawajua: wazazi wao wametoka Garissa, Nairobi, Bukavu, na wao wenyewe ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza. Sumaya alikaa nyuma, karibu na radieta ya kupasha chumba joto. Tulisoma habari fupi ya kijiji ambacho kisima chake kilikauka, wanaume wakachimba kingine bondeni, shida ikaisha. Nikauliza maswali. Mikono ikapaa kama kawaida, hata ya wale wasiokuwa na jibu.

Hibo, binti wa jirani yangu, anayeongea hata akitafuna, aligeuka nyuma akamtazama Sumaya.

"Nyanya, huyu Mjapani wako haongei? Ama anatupeleleza?"

"Anafikiri," nikasema. "Jaribu siku moja."

"Mimi hufikiri nikiongea, Nyanya. Inaokoa wakati."

Darasa likacheka, na Sumaya naye akacheka, lakini mkono wake ulibaki mezani. Watoto walipokwisha kushuka ngazi, alinijia na kipande cha karatasi. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili ulichomfundisha wewe, na kwa hilo nakushukuru: "Wanaochota maji ni wanawake. Kwa nini wanaume ndio waliochagua mahali pa kuchimba?"

Nimesomesha habari hiyo tangu kabla hujazaliwa. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza hilo, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Mtoto aliyeandika swali hilo, programu yako inasema hana hamu ya kujifunza, na mwalimu wake, ili programu itulie, akaongeza kwamba hata kufikiri hafikiri sana.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika kwenye duka la maembe akasimama, akaniuliza polepole, neno moja moja: "Nyanya, nikiinua mkono bila kuwa na swali, ni sawa?"

Akaendelea: "Baba amesema niinue. Nikiinua mara kumi kila siku, nitapata A. Lakini nitasema nini?"

Halafu, baada ya maduka mawili matatu, akaniuliza kama anaweza kubaki kusoma hapa. Hakulia. Aliuliza kama mtu anayeuliza basi linapita saa ngapi. Idris, mtoto wako anataka kuihama nyumba yako, na sababu yake ni kazi ya mikono yako.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Ekai.

Usiseme umemsahau. Ulikuwa na miaka tisa, Ekai alikuwa mwenzako wa darasa, na mimi nilikuwa mwalimu wenu. Nilikuwa nimekaa barazani kwetu Isiolo alasiri moja, nikijaza daftari la alama, lile lenye jalada la kitambaa cha kijani. Mbele ya jina lake nilikuwa nimeandika: Hana bidii. Hajibu akiulizwa. Ulipita nyuma yangu na bakuli la uji, ukasoma juu ya bega langu, jambo nililokuwa nimekukataza.

"Mama, umekosea," ulisema.

"Toka hapa."

"Ekai hasikii sikio la kushoto. Wewe humkalisha kule ukutani, sikio zima linasikiliza ukuta."

Nilikufukuza, nikakunyima ruhusa ya kwenda kucheza. Kesho yake nilimhamisha Ekai upande wa pili wa darasa, bila kumwambia mtu. Nikamuuliza swali kwa sauti ile ile ya kila siku. Akajibu. Nikamuuliza la pili, akajibu, akaongeza na la kwake.

Nilirudi nyumbani nikakuita. Mbele yako nikalikata lile neno kwa mstari mmoja wa wino, nikaandika juu yake: Mwalimu alikosea. Mwalimu mkuu alinikaripia kwa kuchafua daftari la shule. Nilimwambia kwamba sikuajiriwa kulinda usafi wa daftari.

Daftari hilo ninalo hapa mtaani kwangu Sparkhill. Lilipojaa hakuna aliyelitaka, nikalibeba. Nimelitoa jana nikamwonyesha Sumaya. Kosa langu bado linasomeka chini ya ule mstari, na masahihisho yake yako juu, na mwanangu ndiye aliyeyasababisha. Lakini ile A ya Sumaya haionekani popote kwenye karatasi ya alama aliyokuja nayo. Pana B safi, iliyopigwa chapa vizuri. Mtu akiisoma hatajua kwamba palikuwa na kitu kingine.

Nimejiuliza tangu Jumamosi ile ni wapi alikokwenda yule mtoto mwenye bakuli la uji. Hakuwa na ruhusa ya kusoma daftari langu. Hakujali kwamba ningemwadhibu, wala kwamba mimi ndiye niliyemlisha. Alimwona Ekai, akasema. Wewe wa leo una cheo, una tai, una mkataba na shule, na umeshindwa kumwona mtoto anayekula mezani kwako. Ulimchorea mwalimu mstari wa kumwonya, na ulipotokea juu ya jina la binti yako mwenyewe, ukamwambia mtoto ndiye abadilike.

Sitakufariji kwa kusema kwamba una nia njema. Nia njema unayo, nami nimechoka nayo.

Nimemkatalia Sumaya kubaki hapa. Alinuna, na bado amenuna. Nilimweleza kwamba nikimweka, nitakuwa nimefanya kama yule mwalimu: nimeondoa kinachosumbua macho ili ukurasa ufungwe. Atarudi kwa baba yake, na baba yake atamfanyia kazi inayompasa baba.

Atafika kwenu Ijumaa. Yuko ameniambia kwamba huko walimu huwa shuleni hata wakati wa likizo. Basi Jumatatu hutakwenda kazini. Utakwenda shuleni na mwanao, bila kadi yako ya kazi shingoni. Hutagusa rekodi yoyote. Utachukua madaftari yake ya sayansi, ambayo kwa mujibu wa Yuko yamejaa maswali pembeni, umpe mwalimu ayasome nawe ukiwa umekaa. Kisha utamuuliza ni katika ukurasa upi alipoona kwamba mtoto huyu hafikiri. Ukitoka huko, ukae na wenzako mseme juu ya mstari wako. Namna ya kuurekebisha siijui, wala si kazi yangu. Wewe ndiye uliyeuchora.

Wakisema unatumia cheo chako, waache waseme. Na mimi nilisemwa na mwalimu mkuu, na bado nakula nashiba.

Swali la Sumaya la kule kwenye duka la maembe nimelijibu leo asubuhi, nikimfungia begi. Nimemwambia asiinue mkono bila kuwa na swali, si mara kumi, si mara moja, hata kama atapewa C mpaka azeeke. Akaniuliza sasa itakuwaje. Nikamwambia kwamba mkono utakaotangulia kuinuliwa katika shule ile utakuwa wa baba yake.

Ameniamini. Usinifanye mwongo mbele ya mtoto.

Ni mimi mama yako,
aliyekuwa pia mwalimu wako