Vipande Vinne vya Mkanda

3 Februari

Mama yangu, shikamoo. Hujambo? Nyonga iliyovunjika inaendeleaje? Mimi sijambo, ila uchovu umeniingia hadi kwenye mifupa. Kutwa nzima nimo bwawani nawashika mikono wazee wa watu wakifanya mazoezi, vidole vyangu vimekunjamana kuliko vyao. Na mama yangu anashikwa na nani?

Nakutumia mkanda wa kuelea. Ufunge kiunoni ukiingia bwawa la hospitali. Una vipande vinne vya sponji ngumu. Kadiri unavyopata nguvu unachomoa kimoja kimoja, hadi usimame mwenyewe. Mwisho wa Juni ukifika hujaweza kutembea, naacha kazi narudi.

Mwanao

20 Machi

Marahaba mwanangu. Mie mzima, miguu ndiyo mivivu. Mkanda umefika, lakini aliyeushona alikuwa na haraka ya kwenda wapi? Vipande vinachezacheza! Nimevikaza kwa uzi wa viatu, mishono miwili miwili. Sasa naelea kama kizibo. Yule dada wa mazoezi wa hapa hospitali amenuna, sijui nimemkosea nini.

Mama yako, fundi cherehani

2 Aprili

Shikamoo mama. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia. Vinacheza ili vitoke! Vikibaki vyote, maji yanakubeba bure na miguu inalala. Tafadhali chukua mkasi, fumua kimoja kila wiki mbili.

Nimemdokeza bosi kwamba huenda nikaondoka. Ameshaanza kutafuta mtu. Nikitoka hapa sirudishwi.

Mwanao

28 Mei

Shikamoo mama. U mzima kweli? Barua mbili hujajibu. Nimempigia dada wa mazoezi, anasema vipande vyote vinne bado vimo na mkasi hutaki hata kuuona. Kwa nini, mama? Nimechoka kubahatisha. Begi nimeshafungasha.

Mwanao

18 Juni

Marahaba mwanangu. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa na aibu. Mara ya kwanza nilishona kwa ujinga, hilo ni kweli. Ila ulipoandika nifumue, nilielewa vizuri sana. Ulisema nisipotembea utarudi, nami nikasema basi, nitaelea. Miaka sita sijakuona. Nisamehe.

Uliposema umefungasha, nilifurahi siku nzima. Kesho yake bwawani nikamtazama binti mhudumu aliyemshika bibi mmoja kando yangu. Vidole vyake vimekunjamana, macho mekundu kwa dawa ya maji, na bado anatabasamu. Nikakuona wewe. Nilirudi nyumbani nikafumua viwili, wiki iliyofuata viwili tena. Nilikunywa maji kidogo na kumtukana dada wa mazoezi, lakini nilisimama. Barua hii naiandikia hapa posta, nimekuja mwenyewe, kwa fimbo, nikipumzika njiani mara tano.

Humu ndani kuna kipande cha mwisho, na uzi wangu bado unaning'inia. Kamwambie bosi wako asitafute mtu.

Ila ukipata likizo, njoo. Usije kwa ajili ya nyonga. Njoo ulale, na mimi nikushike mikono.

Mama yako