Jina la Zena Kwenye Ubao wa Kiwanda

Nandagala,
Ruangwa.
3 Agosti 2025

Mpendwa dada Amna,

Kabla ya salamu, nakutangazia rasmi kwamba Kamati ya Safari ya shule yetu, baada ya vikao vitatu na chupa mbili kubwa za chai, imeamua kwa kauli moja kuwa mayai ya watoto yatachemshwa, hayatakaangwa. Mimi ndiye katibu. Uamuzi umeandikwa na kupigwa muhuri.

Sasa salamu, maana najua umeshaanza kunung'unika. Hujambo? Mgongo wa shemeji Rahimu unaendeleaje tangu aanguke na baiskeli? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama hajambo, ila macho yanapungua nuru, na yeye anasema ni taa za siku hizi ndizo mbovu. Ufuta tumeshauza. Mikorosho imeanza kutoa maua, na harufu yake ya asubuhi unaijua.

Safari yenyewe ni hii: darasa la sita wanapelekwa Nachingwea kutazama kile kiwanda cha korosho. Usishtuke, hakijafufuka. Wazee waliokuwa wafanyakazi wamefagia banda moja, wamepanga mashine zilizobaki, wameandika "Makumbusho" mlangoni, na popo wamehamia banda la pili. Wiki iliyopita nilitangulia kwenda kupaangalia, kwa sababu Mwalimu Happy anayeongoza safari ni mtu wa Njombe na hapendi kushtukizwa na kitu.

Amna, nilipita getini nikaingia bandani. Benchi zipo. Zile mashine za kukanyaga kwa mguu zipo, na masanduku ya majivu waliyokuwa wakijipaka mikononi ili mafuta ya ganda yasiwababue. King'ora kipo juu ya paa, kimya, ndege wamejenga ndani. Unakumbuka mwezi wa Ramadhani, mji mzima ulikuwa unafuturu kwa kile king'ora? Na yule fundi Lukumani aliyekibonyeza mapema siku moja, watu wakafuturu huku jua linawatazama? Ndiye mwangalizi wa makumbusho sasa. Nilipomkumbusha akasema saa ya ofisini ndiyo ilikuwa mbovu. Miaka karibu arobaini anasema hivyo hivyo.

Ukutani kuna ubao wa majina ya wafanyakazi, yamenakiliwa kutoka kwenye daftari la kiwanda. Ni kwa ajili ya ubao huo Mwalimu Happy alimwomba Mama afuatane na watoto: wao wasome jina lake, kisha yeye awaonyeshe benchi aliyokalia miaka kumi na moja. Mama alijifanya hataki kwa siku mbili. Siku ya tatu akatoa sandukuni doti ya kanga ambayo haijawahi kuguswa na maji.

Basi nikatafuta jina la Mama, Mwanaima. Nilisoma ubao mara tatu, kwa kidole. Madereva wapo, makarani wapo, hata yule mlinzi aliyekuwa akilala zamu nzima yupo. Mwanaima hayupo. Lukumani akasema daftari ndilo daftari. Nilirudi na pikipiki nikitunga uongo njia nzima, na hakuna hata mmoja uliosimama.

Ikabidi nimwambie Mama ukweli. Alikuwa anapeta choroko, na hakuacha kupeta. Akaniuliza, "Zena yupo?"

Nikasema ndiyo, mama mkubwa yupo, nilimwona nikafurahi, nikapita.

"Basi huyo ndiye mimi."

Kumbe ilikuwa hivi. Mama yako Zena ndiye aliyeandikishwa kazi. Baba yako, enzi zile dereva wa malori, akaja akamwoa na kumchukua Kigoma, na wakati huo kiwanda kilikuwa hakiandikishi tena watu wapya. Mama yako akamwachia mdogo wake kibati chake cha namba, kile walichokuwa wanakitundika kila asubuhi ili wahesabiwe. Kesho yake Mama akakitundika. Msimamizi alikuwa anahesabu vibati, sura hakuwa na habari nazo. Miaka kumi na moja Mama akaitika Zena.

Hapo nikakumbuka jambo. Enzi tukiishi Nachingwea, tulipokuwa tunampelekea Mama chakula kiwandani, mlinzi alikuwa akipaza sauti, "Zena, watoto wako hawa!" Mimi nilidhani watu wazima wana jina la kazini kama walivyo na nguo za kazini. Lakini wewe, ulipoletwa kwetu baada ya msiba wa mama yako, ulikuwa ukifika kwenye ule mfereji wa mbele ya geti unasimama, huendi mbele. Nyumbani tukasema unaogopa king'ora. Labda tulikosea. Sikuandikii hili ili unijibu.

Nikamwambia Mama nitaandika barua ubao ubadilishwe, mimi ni katibu, muhuri ninao. Ndipo akaweka ungo chini.

"Kaburi la dada yangu liko Kigoma, halina hata kibao. Jina lake limeandikwa mahali pamoja tu duniani. Wewe na muhuri wako mliache."

"Na wewe je, Mama?"

"Mimi nipo. Nitakwenda kwa miguu yangu."

Kwa hiyo watoto watasoma Zena, na Mama atakaa kwenye benchi ya Zena. Nilipomweleza Mwalimu Happy, akasema basi lazima watoto waambiwe Zena alikuwa nani. Lakini Mama ana sharti. Anasema jina lile sasa ni mali yako, na bila ridhaa yako haendi. Ukisema hapana, doti inarudi sandukuni, na mimi sitakulaumu. Ukikubali, tuandikie maneno machache juu ya mama yako yasomwe chini ya ubao. Safari ni Alhamisi tarehe 21. Tuma kwa simu, posta itatuchelewesha. Na kama nauli na shemeji wataruhusu, njoo mwenyewe. Mama hajasema anakutaka, ila jana alinituma nikakaze kamba za kitanda chako.

Nisalimie shemeji, Munira na Faridi, na mwambie Faridi shairi lake tumelisoma, tumelielewa nusu. Mama anakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akufungulie kila lililo zito huko uliko, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukukumbuka,
Sadiki

Mwalimu Happy anataka pia kujua mama yako alifanya kazi pale kwa muda gani, apate kuwaambia watoto. Nimemuuliza Mama. Siku tisa.