Madirisha Niliyoliletea Kanisa la Kwemsala

Guangzhou, China

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekuachia kidogo, na Mama bado anakugombeza, maana siku akinyamaza ndipo tutajua mnaumwa kweli. Mimi mzima, nimenenepa. Huku mtaa wa Yide, kwenye maduka ya jumla, wananiita laoban, yaani tajiri. Kichina nakimwaga mpaka Wachina wenyewe wananiomba nirudie.

Barua ya dada imenifikia. Anasema kamati ya kanisa imeshavunja madirisha mawili ya kaskazini kupisha yale ya aluminiamu niliyoahidi, na tangu siku hiyo wewe hukanyagi kanisani. Niliisoma nimesimama dukani kati ya midoli, nikashindwa hata kubishana bei.

Sasa Baba, nyuma ya maduka haya kuna kanisa la mawe matupu, la enzi za Malkia Viktoria kama letu, ila letu mbele yake ni banda. Lina minara miwili, madirisha yenye ncha juu, na dari lote mbavu za mawe, kama umelala ndani ya ng'ombe. Miaka mitatu napita nje tu. Jumapili hii niliingia, nikakuta linakarabatiwa. Juu ya jukwaa la mianzi kulikuwa na mzee wa Kichina. Anagonga jiwe kwa nyundo ndogo, anatega sikio, anasogea, anagonga jingine. Nilikaribia kumwamkia, maana ndivyo ugongavyo wewe.

Binti mmoja wa Moshi, anasomea ujenzi hapa, alinitafsiria. Nikamwuliza mzee kwa nini wasing'oe yale madirisha makuukuu waweke ya aluminiamu. Akanitazama kama nimemshauri ang'oe meno mazima. Akasema tao la mawe juu ya dirisha halikuwekwa kwa ajili ya kioo, limebeba ukuta. Ukilikata uweke dirisha la pembe nne, mzigo utatafuta pa kushukia.

Ni maneno yako, Baba. Uliyasema mbele ya kamati nilipokuja likizo, nami na suti yangu nikasimama kuuliza kama kuna jiwe limewahi kukujibu. Watu walicheka sana. Kuchekesha najua.

Nimempigia mwenyekiti simu asimamishe kazi. Akanijibu, "Bwana mkubwa, si wewe uliyetuambia mawe ni ushamba? Sisi tunangoja kontena lako." Akakata.

Kontena liko baharini. Lakini yale madirisha ni zawadi yangu, na karatasi za kuyatoa bandarini ninazo mimi. Sizitumi. Wataniita mwongo, mdomo mtupu, na watasema hata huku China nafagia. Waseme. Bila madirisha mapya hawatathubutu kugusa matao sita yaliyobaki, maana mvua itawanyeshea kwenye vitabu.

Yale mawili ndiyo yananinyima usingizi. Nakuomba uende ukayaegemeze kwa magogo kabla ya masika. Najua sistahili kukutuma. Ila Kwemsala nzima hakuna mwingine anayejua gogo likae wapi. Ulitaka kunifundisha mimi uashi wako, nikasema kazi ya vumbi siitaki.

Nisalimie Mama, dada na wanawe, na mwinjilisti wetu anayepiga kengele. Mwenyekiti mpite tu.

Mimi mwanao,
Elisha