Meza Imeingia, Baba Mkwe Hapiti

Mshauri mpendwa,

Nakuomba unisikilize hadi mwisho ndipo unikemee, maana najua nitakemewa. Mimi ni fundi cherehani, nina mume na watoto watatu, na tunaishi na baba mkwe, ambaye tangu alipougua kiharusi anatembea kwa mkongojo na mguu mmoja anauburuta. Kwa miaka mingi tulikula sahani zikiwa magotini, na siku moja wifi yangu alipotutembelea akacheka akasema, "Wifi, kwako mtu akitaka kukata nyama sharti jirani amshikie sahani," basi maneno yale yakaniingia, nikaapa kununua meza, tena ya watu wanane, nikachukua futi yangu ya kupimia nguo nikapima chumba cha kulia, mita tatu na sentimita sitini kwa mita mbili na sentimita sabini, nikamwagiza seremala meza ya mita mbili na sentimita arobaini kwa mita moja na sentimita kumi, na mume wangu alipouliza, "Mama watoto, hiyo si itajaza chumba?" nikamjibu, "Humu ndani nani anapata riziki kwa kupima, mimi au wewe?"

Meza ikaja, ikaingia, nikashangilia, lakini kabati la vyombo limekula nusu mita ukutani, viti vikivutwa hapiti mtu, watoto wanapita chini ya meza kama paka, na juma lililopita baba mkwe alikuwa akijipenyeza kati ya kiti na kabati, mkongojo ukanasa, akaiangukia meza, mchuzi ukammwagikia kifuani, watoto wakacheka, na mimi badala ya kumwinua nikasema mbele yao, "Baba nawe, si ungekaa huku mlangoni tangu mwanzo!" Tangu siku hiyo anakula chumbani kwake peke yake, na jana amemwambia mume wangu, "Mpigie dada yako simu, aje anichukue mwisho wa mwezi. Hapa nimekuwa mzigo." Mume wangu anataka meza ikatwe, na seremala anasema inakatika, lakini nikimfikiria wifi, ndiye huyo dada yake, anaingia na kuikuta imekatwa, moyo unagoma. Nifanye nini ili baba abaki na meza ibaki?

Mwenye Meza

Mwenye Meza,

Umejiita kwa jina linalokufaa, kwa kuwa katika barua yako meza ina mwenyewe, mzee hana.

Pole kwa kicheko cha wifi yako. Kuchekwa nyumbani kwako kunauma. Lakini wewe humshonei mtu gauni la kumbana mwili. Unamwachia nafasi ya kukaa na kupumua. Mbona chumba ulikipima kuta tupu? Mezani hukaa watu, na watu wana magoti, na viti vyao hurudi nyuma.

Chukua kalamu. Kutoka ukingo wa meza hadi ukutani acha sentimita tisini, pande zote nne, ili mmoja akiwa ameketi mwingine apite nyuma yake. Kabati lihamie sebuleni. Chumba chako kitakubali meza ya mita moja na sentimita themanini kwa sentimita tisini, si zaidi. Hiyo ni ya watu sita, nanyi mko sita. Hao wengine wawili uliowatengea nafasi ni akina nani?

Mwite seremala aikate juma hili. Wifi akiuliza, mwambie, "Ilikuwa kubwa mno, nilikosea vipimo." Ni maneno matano, wala hayajawahi kumwua mtu. Kiti cha mzee kiwe na mikono ya kushikia, kiwe karibu na mlango, lakini umwulize kwanza kama anapapenda. Uliposema akae huko hukukosea mahali, ulikosea kuamuru.

Wala usidhani msumeno utakuombea radhi. Mzee alivumilia kubanwa na meza. Hakuvumilia ulimi wako mbele ya wajukuu wake. Siku utakayosoma haya, beba sahani yako na za watoto, mwende chumbani kwake. Keti, usisimame mlangoni. Taja ulichomwambia, uombe radhi, watoto wasikie. Kisha nyamaza, ule.

Akishikilia kuondoka, mfungie mizigo yake kwa heshima, umsindikize. Na meza ikatwe hata hivyo.