Chupa ya Watoto Kumi

Jumatatu, 10 Machi 1997

Nimerudi kutoka kliniki bure. Audrey ametimiza miezi tisa, wakati wa sindano ya surua — na hakuchomwa! Tulifika na watoto watatu tu. Muuguzi Kaloki alisema chupa moja ya chanjo ni ya watoto kumi, ikishafunguliwa hailali, inamwagwa. Na chupa zenyewe ni chache. Eti turudi Alhamisi.

Nikamnunia. Nikamwambia surua iko kwenye ploti yetu, mlango wa pili! Akasema ndiyo maana hawezi kumwaga za watoto saba.

Jioni nikamlilia Mama Zeinabu, mwenye nyumba. Alikuwa anapepeta mchele.

"Wanapungua wangapi?"

"Saba."

Akaweka ungo chini.

Jumatano, 12 Machi

Huyu mama ni mtu! Siku mbili anazunguka mtaa wetu wa Gatwekera na goti lake bovu, mlango kwa mlango. "Toa kadi ya mtoto, nione." Hakuna kusalimiana sana. Trizah, mama mwenzangu, alijaribu kumpiga chenga, eti ana nguo za kuanika — Mama Zeinabu akamwanikia! Mimi ningekata tamaa kwa mlango wa tatu.

Tumefika tisa. Amebaki Billy wa Sella, jirani yangu. Kaka yake ndiye mgonjwa wa surua, kwa hivyo Sella amejifungia nao. Kwetu husemwa surua ikiwa ndani ya nyumba, sindano isiingie, upele utarudi ndani ya mwili na mtoto afe. Nilimsikia kupitia mabati: "Mama, wacha tu. Mtaniulia mtoto."

Mama Zeinabu akamwambia hata yeye aliambiwa hivyo, mwaka wa themanini na nne, akasikiliza. Akamzika Murjan, kitinda mimba wake. Alisema bila kulia. Mimi ndiye niliyelia.

Mlango haukufunguliwa.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika kwenye benchi la kliniki, Audrey mapajani. Tuko tisa! Kaloki amekuja kwa miguu, boksi la barafu begani, shati limelowa. Leo siwezi kumnunia. Anasema atangoja hadi saa sita, basi.

Mama Zeinabu amerudi kwa Sella mara ya tatu. Nilitaka kumsindikiza, akanikatalia — nikiondoka na Audrey watabaki wanane.

Sijamwambia jambo moja. Naona haya hata kuliandika. Hayo maneno ya upele Sella aliyasikia kwangu. Jumapili, tukifua. Nilimwapia kabisa!

Saa sita kasorobo. Mama Zeinabu ndiye huyo anarudi, polepole, peke yake. Kaloki ameitazama chupa, ameirudisha kwenye barafu.

Namwachia Trizah Audrey amshike. Naenda mwenyewe. Nitamwambia Sella kwamba nilikosea, kwamba sikujua nilichokuwa nasema.