Shangazi anataka kuupasha moyo wangu

Baleni, Jumanne jioni

Kosa ni langu. Nilimweleza shangazi kwamba daktari wa Dar alipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, akapagandisha kwa baridi kali pale palipokuwa panavuruga mapigo yangu. Leo kaja na maji ya moto na taulo, anikande kifua.

"Moyo ukiingiwa na baridi lazima upashwe, mwanangu."

Alinikera. Kisha nikaogopa kweli: je, pakiyeyuka?

Nikampigia daktari. Akacheka. Barafu iliyeyuka siku ileile, kilichobaki ni kovu tu.

Shangazi hakuridhika. Aliweka sikio kifuani kwangu, akavuta tasbihi, shanga moja kila pigo. Alipojaribu hivi kabla ya matibabu, vidole vyake vilishindwa kuyafuata mapigo. Leo kamaliza mzunguko mzima. Akaenda kuyamwaga maji.