Upande Laini Utangulie

Kikula, Likasi
9 Novemba 2024

Mpendwa Jenny, mtoto wa kaka yangu,

Baridi ya Liège imeanza? Na kifua chako kinaendeleaje? Sisi tuko wazima. Baba yako Urbain goti limepungua kuuma, na umeme umerudi, cherehani zangu zinazunguka.

Barua hii anakuletea Carine, jirani yetu anayesafiri kuja huko. Nimechagua karatasi kwa sababu simu naweza kuikata tena.

Nina jambo moyoni. Mwezi wa saba uliponiambia miaka minne yote umeitumia kuchunguza mlango wa kiini cha seli, niliona umepoteza muda, nikakukatia simu. Kosa langu. Lakini weye ukamwambia Arsène, mdogo wako, juu yangu mimi shangazi yenu: "Tantine usimusumbue, hataelewa." Minye! Mimi niliyeanza na vipande kumi na viwili vya sponji pale soko la Kambove, leo nina karakana ya magodoro, watu saba. Iliniuma.

Basi Arsène akanisomea kurasa zako, thelathini na moja, Jumapili tatu. Nimeelewa hivi: protini ikipita kwenye tundu la kiini inavutwa mpaka ikunjuke. Iliyokazana sana inachelewa, inayolegea inaingia upesi. Tena si lazima ilegee yote. Inatosha upande ule wenye alama ya kuingilia, ndio unaotangulia mlangoni. Weye ulibandika kipande laini hapo, ikaingia mbio.

Sikuamini, nikapima. Godoro moja, upande huu sponji ngumu, upande ule laini. Mlango wa stoo, sentimita sitini. Dodo, mshonaji wangu, akasukuma mara sita, minye nashika saa. Upande mgumu mbele, wastani sekunde 94. Upande laini mbele, 41. Godoro ni lilelile! Dodo akiloa jasho: "Tantine, tunauzisha matela ao tunaipitishisha mutihani?" Nikamwambia, "Sukuma, ni masomo ya Jenny."

Siku ileile nikachana barua niliyokuwa nimekuandikia. Ilianza na hasira tangu mstari wa kwanza, upande mgumu mbele. Hata kifua chako sikukiulizia.

Nasikia tarehe 12 Desemba utatetea kazi yako mbele ya maprofesa, na watu wa mbali watatazama kwa simu. Baba yako umemwita. Mimi bado. Naomba nafasi, hata ya nyuma kabisa.

Nina swali moja tu. Protini ileile, bila kuongeza kitu: ukihamisha alama kutoka upande mgumu kwenda upande laini, muda unapungua kama kwa godoro langu? Kwa kiasi gani? Jibu usimpe Arsène. Nipigie mwenyewe.

Baba yako, na Marceline na Dodo wa karakanani, wanakusalimu sana. Mungu akutangulie siku hiyo, akupe sauti isiyotetemeka.

Wako anayekupenda hata akinuna,

Tantine Émérence

Simu sitaikata.